Yaache Maji Yatoke: Kulitunza Gari la Zamani la Jeshi Lisilo na Paa, Kilosa na Mikumi

Mara ya kwanza nilipompelekea mzee mmoja wa Kilosa Land Rover yangu aisikilize injini, hakufungua boneti. Alifungua mlango, akainama, akanyanyua mpira wa sakafuni upande wa dereva na kupitisha kidole chini yake. Kidole kilitoka na tope jekundu la kutu. “Mwanangu,” akaniambia, “gari hili halikuharibiwa na mvua. Limefungiwa maji.”

Nilishangaa, kwa sababu masika yote nilikuwa nimepigana na maji. Nilipaka silikoni pale kioo cha mbele kinapokalia bodi. Nilikata vipande vya tyubu nikaziba matundu ya sakafu. Juu yake nikatandika zulia nene, na usiku nikalifunika gari zima kwa plastiki ya buluu niliyoikaza kwa kamba hadi chini ya bampa. Tumelelewa na methali ya kuziba ufa, na kwenye nyumba methali hiyo ni ya kweli. Kwenye gari la turubai ilinigharimu sakafu ya dereva na kipande kizima cha chini cha ukuta unaotenga injini na kabini.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye magari ya aina hiyo: mwenye Land Rover 109 ya turubai inayoshusha ndizi na maharage kutoka milimani, mwenye Unimog au Bedford iliyostaafu jeshini, na mwenye gari la kupeleka wageni Mikumi ambalo juu lina kitambaa na ubavuni liko wazi. Shauri langu kubwa ni moja, na mengine yote yanatoka humo. Usihangaike kupata gari lisiloingia maji. Hangaikia gari ambalo maji yakiingia yanatoka siku hiyohiyo, kisha hewa inapita.

Waliounda magari haya walilijua hilo tangu mwanzo. Lori la GMC la Marekani la Vita Kuu ya Pili, lililotengenezwa kwa wingi wa zaidi ya 500,000, lilianza na kabini ya chuma. Mwaka 1943 likahamia kwenye kabini wazi ya turubai ili kuokoa chuma na nafasi melini. Land Rover za kwanza za mwaka 1948 zilikuwa magari ya wazi ya kufunikwa kwa kitambaa. Unimog 404, iliyoundwa Ujerumani kuanzia 1955 hadi 1980, nyingi zilikuwa za turubai, na kioo chake cha mbele hulala juu ya boneti. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotarajiwa kubaki kavu ndani. Zilitarajiwa kulowa, kumwaga maji na kukauka njiani. Na magari ya vita si mageni kwetu: mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza 1947 na kufutwa 1951, ulijazwa mitambo iliyobaki vitani, hadi vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta, na mzigo wake mwingi ulipita kwa reli hapahapa Kilosa kwenda kushushwa Msagali.

Nianze na turubai, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Dukani utaonyeshwa vitu vitatu tofauti na vyote vitaitwa turubai. Cha kwanza ni plastiki nyepesi ya buluu, ile ya kuanikia mpunga. Kwa gari achana nayo. Jua la tambarare ya Mkata linaila haraka, na gari likikimbia inapigapiga hadi matundu ya kamba yanachanika. Ina kasoro nyingine kubwa zaidi kwa anayekwenda Mikumi, nitaisema mbele. Cha pili ni turubai la malori, kitambaa kilichopakwa plastiki nzito pande zote mbili. Hili ni imara, halipitishi tone, na kwa bodi ya nyuma inayobeba mahindi ndilo ninalolipendekeza. Ila halipumui. Ukipakia watu sita wenye nguo zilizolowa, mvuke wao unageuka maji chini ya turubai na kuwadondokea kama umande.

Cha tatu ni kanvasi ya pamba, au pamba iliyochanganywa na poliesta. Kwa kabini ya dereva tafuta hii hata kama itakuchukua mwezi. Pamba ikilowa, nyuzi zake huvimba na kubanana, maji yakateleza juu yake. Ikikauka, nyuzi hulegea na mvuke wa ndani unapata pa kutokea. Ndiyo maana kanvasi mpya huvuja kwenye mvua ya kwanza, na watu humrudia fundi kwa hasira bila sababu. Lizoeze turubai hilo kwanza. Lifunge kwenye gari, limwagie maji hadi yachuruzike, liache likauke kabisa, halafu rudia mara mbili au tatu. Nyuzi zitakaa mahali pake na matundu ya sindano yatajibana.

Matundu hayo yatajibana iwapo uzi nao unavimba. Mwombe fundi atumie uzi mnene wa pamba, au ule wa poliesta uliovikwa pamba. Turubai langu la kwanza lilishonwa kwa nailoni tupu. Lilikuwa zuri machoni, na kila tundu la sindano lilikuwa mfereji. Nililiokoa kwa kupaka nta ya nyuki kwenye mishono yote kwa kidole, kazi ya jioni tatu. Ukienda kwa fundi anayeshona viti vya magari, cherehani yake nzito inatosha. Msimamie katika jambo moja tu: pindo la juu lilalie la chini kama bati linavyolalia bati, na mdomo wa pindo uelekee nyuma ya gari. Mdomo ukielekea mbele, upepo wa mwendo utasukuma maji ndani hata kama mshono ni mzuri.

Kanvasi ya pamba iliyolowa usiiguse kwa ndani. Pale kidole au kichwa cha abiria kinapogusa, maji huanza kupenya na hayakomi hadi mvua ikatike. Kwa hiyo fremu iwe juu ya vichwa kwa kiganja kizima. Bomba za fremu zenyewe zisiguse kitambaa zikiwa tupu. Chuma hushika joto la mchana, hutoa kutu, na husugua. Zungushia vipande vya tyubu ya baiskeli au vitambaa vya kanvasi kuukuu, uvifunge kwa uzi, si kwa waya.

Kosa ninaloliona kila mara kwenye magari yaliyotengenezewa fremu mitaani ni paa bapa. Fundi wa kuchomelea anapenda mstari ulionyooka kwa kuwa ni rahisi kupima. Mvua ikinyesha, kitambaa kinabonyea kati ya bomba na bomba, na maji yanalala hapo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dimbwi la ndoo mbili juu ya paa ni kilo arobaini zinazoning'inia kwenye mishono. Pinda bomba zako ziwe na mgongo, katikati pawe juu kuliko pembeni. Kisha pitisha mikanda mitatu au minne ya turubai kutoka bomba la mbele hadi la nyuma, uikaze vizuri, kitambaa kiwe na kitu cha kukilaza katikati. Hata hivyo weka kwenye gari kipande cha mti kilichoviringishiwa kitambaa kwenye ncha. Mkisimama na mvua ikiendelea, sukuma paa kwa huo mti mara mojamoja, pale penye mkanda.

Kwenye kamba, Kilosa ina historia yake. Ukitoka hapa kwenda Kimamba unapita katika nchi ya mkonge, na kamba ya katani tumeifunga vizazi na vizazi. Ni kamba nzuri ambayo haiogopi jua, lakini ina tabia moja ya kuiheshimu: ikilowa inafupika. Ukiikaza kabisa asubuhi ya jua, mvua ya saa tisa itaikaza zaidi na kung'oa pete za shaba kwenye turubai. Ifunge ukiacha ulegevu wa vidole viwili. Nailoni inafanya kinyume, hurefuka ikilowa, na turubai linaanza kupiga makofi. Mimi natumia katani kwa kamba ndefu za ubavuni, na kwenye pembe naweka mikanda iliyokatwa kwenye tyubu ya lori, ile ambayo kila mpakiaji wa mizigo anayo. Mpira unavutika na kurudi, kwa hiyo pete hazipati mshtuko gari linaporuka kwenye mashimo.

Turubai la pamba likianza kuzeeka, maji hayatelezi tena bali yananyweka. Lioshe kwa maji na brashi laini. Usitumie sabuni ya unga, maana huondoa kinga yote na kuacha kitambaa kikinywa maji kama taulo. Likishakauka, lipake nta. Nta ya mishumaa au ya nyuki iyeyushe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Zima moto, ondoka nao kabisa, peleka kopo mahali pa wazi, ndipo uchanganye na mafuta ya taa hadi iwe nyepesi ya kupakwa kwa brashi. Nasisitiza utaratibu huo kwa sababu mafuta ya taa karibu na jiko la mkaa huunguza watu. Paka kitambaa kikiwa na joto la jua, kiache siku mbili au tatu harufu iishe. Na kumbuka kwamba kitambaa chenye nta kinashika moto kirahisi. Kiwe mbali na eksozi, na asivute mtu sigara chini yake.

Usilikunje likiwa limelowa. Ukilazimika kulikunja kwenye mvua, lifungue siku hiyohiyo ulikofika, hata kama ni saa nne usiku, lining'inize popote. Siku mbili likiwa limefungwa kwenye joto la Kilosa zinatosha kuleta ukungu, na ukungu hauli rangi tu, unakula uzi. Wala usilihifadhi chini kwenye udongo. Mchwa hawachagui kati ya kuni na kanvasi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, kwa sababu linahusu uhai. Mvua ikianza, desturi yetu ni kushusha mapazia yote ya mbele na ya pembeni, halafu nyuma tunaacha wazi ili watu wapate hewa. Inaonekana ni busara, lakini ni hatari. Gari likiwa linatembea, nyuma yake panakuwa na upungufu wa hewa, na upungufu huo unavuta kila kilichopo nyuma kiingie ndani ya turubai. Kiangazi kinachoingia ni vumbi. Ndiyo maana abiria wa nyuma kabisa, aliye mbali na barabara iliyo mbele, hushuka akiwa mwekundu kuliko dereva. Masika kinachoingia ni moshi wa eksozi. Moshi wa injini ya petroli una sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu huanza kuumwa kichwa, kusikia kichefuchefu, kisha kusinzia. Mama anayeona mtoto wake amelala fofofo kwenye safari ya milimani huenda akashukuru, kumbe mtoto anavuta sumu.

Dawa ni ileile kwa vumbi na kwa moshi: hewa iingie mbele ili itoke nyuma. Land Rover za zamani zina vifuniko viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele. Vifungue hata mvua ikinyesha, matone yatakayoingia ni machache. Au inua pazia la pembeni karibu na dereva kwa upana wa kiganja. Kama ni lazima kuchagua, afadhali ufunge nyuma na kuacha mbele, kuliko kinyume chake. Kagua pia mwisho wa bomba la eksozi. Lifike nje ya bodi, lisiishie chini ya sakafu, na kipande kilichotoboka kibadilishwe kabla ya mvua, si baada yake. Nimeona magari ambayo mwenyewe alitumia fedha nyingi kwenye turubai jipya na kuacha eksozi ikitoboka chini ya miguu ya abiria. Amewajengea watu chumba cha moshi.

Kioo cha mbele kinacholala kina bawaba mbili na mpira mmoja chini yake. Mpira huo ukichoka, maji yanaingia moja kwa moja magotini. Hapa kuziba kunaruhusiwa, lakini kwa mpira, usitumie gundi. Kata ukanda kwenye tyubu nene, ukunje mara mbili, uubane chini ya fremu ya kioo, unapochoka unautupa. Silikoni niliyoipaka mimi ilishika maji kati yake na chuma, na chuma kikaoza mahali nisipoweza kuona. Waipa za magari haya ni ndogo na dhaifu. Badilisha mipira yake kabla ya Novemba, na kioo kisafishe kwa maji mengi kwanza, maana vumbi la kiangazi likisuguliwa likiwa kavu linachora kioo, na taa za malori usiku zitakuonyesha kila mchoro. Madirisha ya plastiki laini kwenye mapazia yanahitaji uangalifu huohuo. Yaviringishe, usiyakunje, kwa sababu penye mkunjo ndipo yanapopasuka.

Chini ya miguu, fanya kile mzee alichonifundisha. Sakafu ya gari la jeshi ina matundu ya kumwagia maji. Milango nayo ina matundu chini, na chesisi, ambayo ni boksi tupu la chuma, ina yake. Yote hujaa tope. Chukua waya mgumu, upitishe kila tundu baada ya kila safari ya matope, halafu mwaga ndoo ya maji safi ndani ya kabini na uangalie yanatokea wapi na kwa muda gani. Maji yakisimama mahali pasipo na tundu, toboa tundu. Zulia liondoe kabisa. Mpira wa sakafuni unafaa iwapo unanyanyuliwa kila jioni.

Wenye Land Rover hudhani kwamba kwa kuwa bodi ni aluminiamu, kutu haiwahusu. Bodi ni aluminiamu, lakini chesisi, ukuta wa injini na mifupa ya milango ni chuma. Tena metali hizi mbili zikigusana zikiwa na maji kati yake, aluminiamu huliwa na kubaki unga mweupe. Kila unapofungua bolti, rudisha ukiweka rangi au grisi na kipande chembamba cha mpira katikati. Kuhusu oili chafu ambayo mafundi wengi hupaka chini ya gari, nina maoni yangu. Inasaidia chuma, lakini inaua mpira. Ikigusa bushi, mipira ya breki au matairi, umeokoa chesisi na kupoteza breki, na inayodondoka inabaki kwenye udongo wa shamba lako. Osha tope, kausha, paka rangi. Grisi iweke ndani ya matundu ya chesisi peke yake.

Viti ni jambo fupi. Sponji inakunywa maji na kuyatunza wiki nzima. Ifunge kwanza kwenye mfuko wa plastiki, halafu uivike gamba la turubai lenye matundu chini, na kiti chote kiwe cha kunyanyuka.

Umeme wa magari ya jeshi, hasa yale ya volti 24, mara nyingi ulifungwa kwa vifuniko vya kuzuia maji kwenye distributa na plagi. Ukikuta vifuniko hivyo bado vipo, usimruhusu fundi avitupe kwa sababu vinamchosha kufungua. Kwenye magari ya kawaida, paka grisi kidogo kwenye maungio ya waya, na ondoa kila mkanda wa plastiki uliozungushiwa waya sakafuni, kwa maana chini ya mkanda ndipo maji yanapokaa.

Kuvuka mito kunahitaji maneno mengi zaidi. Kilosa tunaijua Mkondoa. Mafuriko ya mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010 yalisomba makazi na kukata reli, na kila masika kuna dereva anayedhani gari lake refu litamvusha. Maji yanayokimbia yakifika gotini yanaweza kukusukuma ukiwa ndani ya gari, na gari lisilo na milango halikukingi na chochote. Kama huoni chini, au maji yana rangi ya udongo na yanabeba matawi, geuza. Turubai lililofungwa pande zote wakati wa kuvuka ni mtego. Fungua mapazia yote kwanza.

Kwa vijito tulivu visivyozidi nusu ya gurudumu, simama kwanza, injini na difu vipoe. Difu la moto likizama ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye pumulio. Kesho yake fungua kizibo uangalie. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji, ibadilishe. Land Rover za zamani zina tundu chini ya nyumba ya klachi, ambalo kwa kawaida huachwa wazi ili oili inayovuja idondoke, na kizibo maalumu cha kufungia wakati wa kuvuka maji ya kina. Ukishavuka, kizibo kinatolewa. Nimekuta magari mengi yenye kizibo kilichosahauliwa humo miaka, klachi ikiwa imelowa oili na kuteleza mlimani. Baada ya kuvuka kanyaga breki taratibu mara kadhaa gari likitembea, ngoma zijikaushe, kabla hujaanza kuteremka.

Ukifika Mikumi hali inabadilika. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kilomita za mraba 3,230, inapitiwa katikati na barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa kwa takriban kilomita 50. Kwenye lami hiyo shida ya kabini wazi ni malori ya Zambia na Kongo kuliko mvua yenyewe. Lori likikupita kwenye maji, linakutupia ukuta wa tope, na kwa sekunde mbili huoni kitu. Punguza mwendo kabla halijakufikia, washa waipa mapema, na vaa miwani ya kukinga macho ukiwa umelaza kioo. Mikono ishike usukani kwa nguvu. Turubai kubwa hushika upepo wa lori kama tanga.

Ile kasoro ya plastiki ya buluu niliyoahidi kuisema ni hii: mbung'o wanapenda buluu na nyeusi. Mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, kwa makusudi. Ukifunga plastiki ya buluu juu ya gari la wazi na kuingia kwenye vichaka vya hifadhini, umejigeuza mtego, na ndani ya mtego wapo wageni wako. Tumia khaki, rangi ya majani makavu, au kijivu. Nguo za abiria vilevile. Kitambaa kisipigepige: kamba iliyolegea inayopiga bati huwashtua tembo, na twiga aliyekuwa anakaribia anarudi. Ukiegesha kando ya barabara, shusha mapazia ya nyuma, maana nyani wanajua kabisa mkate unakaa wapi.

Udongo mweusi wa Mkata ni habari nyingine. Mvua ikinyesha unakuwa gundi, na njia nyingi za ndani hazipitiki. Ukikwama ndani ya gari la wazi huruhusiwi kushuka ovyo, kwa hiyo uliza langoni kabla ya kuingia, na ukiambiwa njia imefungwa, kubali. Udongo huo ukishakauka juu ya chesisi na nyuma ya matangi unashika unyevu kama chungu. Uoshe ukiwa bado laini, siku hiyohiyo, kwa maji mengi kutoka chini kwenda juu.

Dereva mwenyewe msimsahau. Koti la mvua refu la kukalia linakusanya maji mapajani. Koti fupi na suruali ya mvua ni bora. Gambuti zenye tope huteleza kwenye klachi, kwa hiyo hakikisha mipira ya pedali ipo na ina meno. Kwenye milima ya Ukaguru mvua ya jioni ni baridi, na mtu aliyelowa kwenye upepo wa mwendo huanza kutetemeka na kuchelewa kufikiri kabla hajajua. Weka shuka kavu ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kiti. Na kama Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) imetangaza mvua kubwa, mizigo isubiri.

Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua zimeondoka, lakini hali ya hewa haijaondoka. Jua linapasua usukani, linafifisha saa za dashibodi, na linachoma turubai ambalo halihitajiki siku hiyo. Livue. Lihifadhi likiwa kavu, limeviringishwa, juu ya dari. Vaa kofia na mikono mirefu, ufunike usukani kwa kitambaa cheupe ukiegesha.

Na pa kuegesha, usijenge gereji ya bati iliyofungwa. Banda la nyasi lenye nguzo nne, lisilo na kuta, juu ya kokoto, ni bora kuliko chumba chenye mlango. Gari langu sasa linalala hapo. Nikirudi kwenye mvua nafungua milango yote miwili, nanyanyua mpira wa sakafuni na kuuning'iniza kwenye nguzo, naweka viti kwa ubavu. Kisha nachukua waya ulioning'inia kwenye msumari karibu na mlango wa dereva, napitisha tundu moja baada ya jingine, nasubiri hadi tone la mwisho lidondoke kwenye kokoto, na naiacha milango wazi mpaka asubuhi.